Ranchi za Laikipia: tumelipia kutazama wanyama, si kuwanyima maji

Wadau, jina la ranchi silitaji kwa sasa. Nimewaandikia wenyewe barua na bado nasubiri jibu. Lakini kunyamaza siwezi, maana shule zikifungwa Agosti wengi wenu mtapanda barabara ya Nanyuki na watoto mkifuata matangazo kama yale yaliyonipeleka mimi: njoo utazame pundamilia wa Grevy wakinywa maji jua likizama.

Pundamilia tuliwaona. Maji hawakunywa, na waliowazuia ni sisi.

Silanga yenyewe, yaani bwawa wanaponywa wanyama, iko kwenye kibonde. Upande mmoja udongo mwekundu umekanyagwa na wanyama mpaka ukawa njia inayoshuka moja kwa moja hadi majini. Dereva alikwenda kuegesha pale pale kwenye mdomo wa hiyo njia. Likaja gari la pili, likaja la tatu, yote ya ranchi, yakajipanga. Meza ikatandikwa, soda na bia zikatolewa kwenye barafu, jiko la makaa likawashwa, na spika ikawekwa juu ya boneti. Muziki wa harusi porini!

Ndipo pundamilia wakatokeza kwenye migunga. Majike kadhaa na watoto wao, wale watoto wenye mistari ya kahawia na manyoya yanayofuata uti wa mgongo mpaka mkiani. Wakasimama. Jike wa mbele akapiga hatua chache, yale masikio yake makubwa ya mviringo yametuelekea sisi, akasita, akarudi. Baada ya muda akajaribu tena. Mgeni mmoja akampigia mbinja ili ageuke apate picha nzuri, na mfanyakazi wa ranchi aliyesimama kando yake hakusema neno. Yule jike akarudi tena kwa wenzake. Giza likaingia wangali wamesimama kule juu na watoto wao, na huku chini mishikaki inageuzwa.

Nilimwambia yule kijana aliyekuwa akituongoza, kwa upole kabisa, tusogeze magari. Akaniambia, "Mama, hapa ndipo tunapoegesha kila siku."

Kila siku! Hilo ndilo lililonichemsha damu. Jike wa Grevy asiyenyonyesha anaweza kukaa siku kadhaa bila maji, hata tano. Anayenyonyesha hawezi, yeye anahitaji maji karibu kila siku, la sivyo maziwa yanapungua na mtoto ndiye anayeumia. Na wanyama hawa wakizuiwa kunywa mchana hungoja usiku, na usiku ndio wakati wa simba kuvizia penye maji. Wafugaji wa Laikipia na Samburu wanalijua hili vizuri, kwa sababu miaka mingi limekuwa likitokea pale mifugo inaposhinda kisimani. Wafugaji huambiwa wawaachie wanyamapori nafasi ya kunywa, wanaitishwa mikutano, wanaelimishwa. Ranchi inayolipisha watu pesa nyingi kwa jina la mazingira, nani anaiitisha mkutano?

Miaka ya 1970 pundamilia wa Grevy walikuwa zaidi ya 15,000. Leo ni kama 3,000 duniani kote, na karibu wote wako hapa kwetu kaskazini mwa Kenya, waliobaki ni wachache wa Ethiopia. Na kaunti hii hii ya Laikipia, pale hifadhi ya Ol Pejeta, ndiyo inayowatunza Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili wa mwisho, tangu dume la mwisho, Sudan, lilipokufa Machi 2018. Watu wa Laikipia hawahitaji kufundishwa jinsi mnyama anavyokwisha.

Kesho yake nilimfuata meneja ofisini. Akanisikiliza, akanipa kiti, akanipa chai. Kisha akasema wageni ndio wanapenda hivyo, na kwamba wanyama wameshazoea magari. Hili la kuzoea nimelisikia mahali pengi na nataka tulimalize. Mnyama asiyekimbia hajawa rafiki yako. Huenda ana kiu, ana mtoto asiyeweza kukimbia, au hana pengine pa kwenda. Kuna utafiti wa duma wa Maasai Mara uliochapishwa 2018: majike walioishi penye watalii wengi walikuza kwa wastani mtoto 0.2 kwa uzazi mmoja hadi ajitegemee, na wale wa penye watalii wachache walikuza zaidi ya 2. Duma wa Mara ndio waliozoea magari kuliko duma yeyote unayeweza kumtaja. Sasa huko kuzoea kumewasaidia nini watoto wao?

Matembezi ya usiku nayo sitayasema kwa urefu. Taa kubwa nyeupe, mkono wa mtu asiyejua anamulika nini wala kwa nini. Komba akamulikwa usoni muda wote ambao watu walikuwa wakihangaika na simu zao, mpaka akawa anapapasa tawi kwa mkono badala ya kuruka. Swala wakamulikwa wamelala, wakainuka wakawa wanagongana. Mnyama wa usiku macho yake yameumbwa kwa giza. Waongozaji wanaoijua kazi hufunika taa kwa kioo chekundu, humulika pembeni ya mnyama, na swala hawawamuliki kabisa kwa sababu ukimpofusha swala umemkabidhi kwa fisi. Na kumbukeni kwamba kwenye mbuga za taifa kwa kawaida mgeni haruhusiwi kuzunguka na gari usiku. Ranchi binafsi zinaruhusu, na ndiyo maana tunazifuata. Hiyo ni dhamana waliyoachiwa, na hivi ndivyo wanavyoitumia.

Matembezi ya miguu tuliyolipia yaliahirishwa kila asubuhi kwa sababu askari mwenye bunduki hakuwepo. Hapo walifanya sawa. Kwenye nyati na tembo hutembei bila ulinzi. Ila basi rudisheni pesa za watu.

Ngoja niwaambie kitu kimoja kizuri tulichoona, na kwenye orodha ya bei hakikuwemo. Langoni kuna mzee wa Kisamburu, kazi yake kufungua na kufunga geti. Watoto wangu walikuwa wamekaa wamenuna wakisubiri hayo matembezi yasiyokuja. Akawaita, "Njooni muone, lakini msiguse." Akawapeleka hatua chache tu kwenye kimgunga kifupi chenye vifundo vyeusi kwenye miiba. Akagonga tawi kwa fimbo yake mara moja. Kutoka kwenye vitundu vya vile vifundo sisimizi wakamwagika, mikia juu, tawi zima likawa linatembea. Akawaeleza kwamba twiga akija kula majani, hawa ndio humvamia midomoni mpaka ahamie mti mwingine, na mti nao huwalipa kwa kuwapa nyumba na utamu wa kulamba. Kisha akawaambia wakae kimya wasubiri upepo. Upepo ulipopita, vile vitundu vikapiga mluzi mwembamba. Binti yangu wa miaka saba hakutaka kutoka pale. Hatukumsumbua mnyama hata mmoja, na watoto wanasimulia hicho kuliko gari na muziki.

Mzee huyu anajua nyayo, anajua ndege kwa sauti, anajua tembo walipita saa ngapi. Na wamemweka afungue geti! Waliopewa magari ni vijana waliotolewa jikoni na kwenye mazizi ya farasi, wakavalishwa kaki. Siwalaumu vijana. Mmoja alinieleza mwenyewe kwamba hajapelekwa kwenye mafunzo yoyote, na kwamba mgeni asipofikishwa karibu na mnyama, bakshishi hakuna. Chama cha waongozaji safari cha KPSGA kipo tangu 1996, kina mitihani ya shaba, fedha na dhahabu, na ngazi ya shaba ni ya mtu anayeanza. Ranchi yenye uwezo wa kununua Land Cruiser kadhaa haishindwi kumlipia kijana mtihani wa shaba.

Kwa hiyo ninachodai ni hiki, na ndicho nilichoandika kwenye barua. Magari yaondoke kwenye njia ya wanyama kuelekea silanga, yakae mbali, upande ambao upepo hautupi harufu yetu majini, na injini izimwe. Chakula na spika vibaki kambini. Mgeni anayepigia mnyama mbinja aambiwe akome, hata kama ndiye aliyelipa zaidi ya wote. Taa nyekundu usiku. Yule mzee atolewe getini alipwe mshahara wa mwongozaji, maana ndiye mwongozaji pekee niliyemwona pale. Na wanaolipia matembezi wasiyoyapata warudishiwe pesa bila kuzungushwa.

Na sisi wageni tuache kuwapa visingizio. Wakati wa kulipa tunauliza kama kuna bwawa la kuogelea na kama intaneti inashika. Ulizeni pia nani atawaongoza na ana cheti gani, gari linakaa umbali gani kutoka kwa maji, na usiku wanatumia taa gani. Meneja akibabaika kwenye maswali hayo matatu, hifadhi pesa yako.

Aliyekwenda ranchi yoyote kati ya Nanyuki, Rumuruti na Dol Dol akaona wageni wanakalishwa kimya mbali na maji na wanyama wanashuka wenyewe kunywa, tafadhali aweke jina hapa chini. Na kama kuna anayejua ofisi ambayo lalamiko la namna hii husikilizwa ranchi ikiwa ni ya mtu binafsi, anielekeze, nakala ya barua na picha za magari pale silanga ninazo.