Haiku itawapataje watu wa kuijenga, si wa kuijaribu tu?

mshale64:
Ndugu zangu, naupenda mfumo endeshi wa Haiku kwa wepesi wake, kwani huwaka upesi hata kwenye kompyuta kuukuu. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi huupakua, huujaribu kutoka kwenye flashi, huusifu, kisha hawaonekani tena. Kazi hii ilianza mwaka 2001, Palm iliponunua mali za kampuni ya Be na BeOS, mfumo endeshi wa Be ambao Haiku inauiga, ikabaki bila wa kuiendeleza, lakini beta (toleo la majaribio) ya kwanza ilitoka Septemba 2018 na ya tano Septemba 2024. Tufanye nini ili wajenzi waongezeke?

viendeshi_kwanza:
Ndugu mshale64, tusianze na matangazo. Mtu akiiwasha Haiku kisha Wi-Fi isishike, hatarudi, hata tukimsimulia historia yote ya BeOS. Viendeshi vingi vya mtandao, yaani programu zinazouwezesha mfumo kutumia vifaa vya mtandao, vimechukuliwa kutoka FreeBSD na OpenBSD, mifumo endeshi mingine huria, na wanaovitunza hawawezi kumiliki kila kompyuta iliyoko sokoni. Wanategemea taarifa zetu. Kwa hiyo anayetaka kusaidia bila kujua kuandika msimbo aijaribu mashine yake, kisha aripoti hitilafu kwa ukamilifu: aina ya kifaa, namba ya toleo, na faili la syslog, yaani kumbukumbu za mfumo. Taarifa isemayo tu kwamba sauti haitoki haimsaidii mtu.

Bi_Vifurushi:
Hoja ya viendeshi ni ya kweli, ila haielezi yaliyotokea kwa SerenityOS, mfumo endeshi mwingine huria. Andreas Kling aliuanzisha mradi huo mwaka 2018, na ingawa haukuwa mfumo wa kutegemewa kwa kazi za kila siku, ulivuta mamia ya wachangiaji. Alijirekodi akiandika msimbo, akikwama na kukwamuka mbele ya watazamaji, na wengi wakaona kwamba kazi ya ndani kabisa ya mfumo endeshi inaweza kufanywa na mtu wa kawaida mwenye subira. Humo ndimo kilimozaliwa kivinjari cha Ladybird, ambacho mwaka 2024 kilijitenga na kuwa mradi kamili.

Haiku nayo imewalea wanafunzi kupitia Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwaingiza wachangiaji wapya kwenye miradi huria chini ya walezi, tangu mwaka 2007, na naamini ulezi wa namna hiyo ndio unaokosekana kwa mgeni anayekuja peke yake. Mgeni aelekezwe HaikuPorts, mkusanyo wa maelekezo ya kufungasha programu kwa ajili ya Haiku, achague programu ndogo anayoihitaji mwenyewe, aandike maelekezo ya kuifungasha, na mwenyeji mmoja ayapitie mapema. Mchango wa kwanza ukikaa majuma bila jibu, mtu huyo tumempoteza.

mshale64:
Nashukuru, dada. Nani hasa ayapitie, ikiwa wenyeji wenyewe wamezidiwa?

Bi_Vifurushi:
Si lazima awe mwandishi wa kiini cha mfumo. Yeyote ambaye vifurushi vyake vimekwisha kukubaliwa anaweza kuyajenga maelekezo ya mgeni kwenye mashine yake na kumwambia yamekwama wapi. Ukianza, niandikie hapa; nitayajenga yako.