Portal 2, The Talos Principle au The Witness: nianze na ipi?

Mchemraba: Wakuu, salaam. Wikiendi hii nanunua gemu moja ya mafumbo ya 3D. Nimebaki na hizo tatu. Za kupigana risasi sizitaki. Ipi inafaa?

Fundi Kipanya: Mkuu, mbona hujasema mashine? RAM ngapi? Kadi ya picha ipo, au ni ile ya ndani ya prosesa? Unacheza peke yako? Kipanya unacho? Portal 2 ya 2011 inakwenda hata kwa RAM GB 2 na Intel HD 2000, picha za ndani ya prosesa. The Witness ya 2016 inataka angalau GB 4 na HD 4000.

Nyuzi90: Portal 2, bila kusita. Una kifaa cha kufyatua milango: unapiga mlango wa bluu ukuta huu, wa chungwa ukuta ule. Ukiingia huku unatokea kule, na kasi uliyoingia nayo ndiyo unayotoka nayo. Tuseme jukwaa liko ng'ambo ya shimo na hulifikii kwa kuruka. Weka mlango mmoja chini kwenye sakafu ya shimo, mwingine kwenye ukuta unaolitazama jukwaa, kisha jiangushe. Kuanguka kunageuka kurushwa mbele. Usipofika, mara nyingi umejiangusha kutoka chini mno. Tafuta pa juu zaidi. Na ukiingia chumba kipya angalia kwanza kuta nyeupe ziko wapi, maana za chuma cheusi hazishiki mlango.

Kivuli: Talos Principle (2014, Croteam wa Kroatia) ina kina kuliko hiyo. Kuna kifaa cha kurekodi: unawasha, unafanya kazi yako, unazima, kila kitu kinarudi kilipokuwa, halafu kivuli chako kinarudia ulichofanya huku wewe ukifanya kingine. Wengi wanakwama hapa: wanakanyaga kitufe cha sakafuni, geti linafunguka, wanazima rekodi papo hapo. Wakicheza rekodi, inakwisha wakiwa bado njiani na geti linafunga. Dawa yake ni kusimama juu ya kitufe dakika nzima bila kufanya kitu, ndipo uzime. Ule muda mtupu ndio utakaoutumia kupita.

Pembenne: Na The Witness mnaiweka kwenye 3D kwa sababu gani? Ni paneli bapa za kuchora mstari, zimepachikwa kisiwani tu.

Tini Kavu: Hapana, Pembenne. Kuna paneli ambazo ukizitazama peke yake huna jibu, mpaka usogee hatua mbili kushoto, tawi la mti ulio nyuma yake likae...

Kivuli: Ishia hapo! Gemu ile haina maelezo hata mstari mmoja, utamu wote ni kugundua.

Tini Kavu: Sawa, nimekoma. Lakini mnunuzi ajue: kuna eneo la rangi na eneo la sauti. Asiyetofautisha rangi vizuri atapata shida. Hata hivyo ukimaliza eneo unawasha leza yake, na mlima wa mwisho unafunguka kwa leza 7 kati ya 11, kwa hiyo maeneo mengine anaweza kuyaruka.

Mchemraba: Samahani wakuu. Ni laptop, Core i5, GB 4, HD 4000. Kipanya sina, natumia tachipadi. Na mdogo wangu angependa kucheza pia.

Fundi Kipanya: Basi nunua kipanya kabla ya gemu. Tachipadi nyingi hujizima kidogo kila unapobonyeza kibodi, ili kiganja kisisogeze mshale unapoandika. Kwenye gemu hizi unashikilia W kutembea huku unageuza macho, kwa hiyo unatembea lakini shingo haigeuki. Kwenye Portal 2 ni mbaya zaidi, kwa sababu unatakiwa kugeuka ukiwa hewani na kupiga mlango wa pili kwa kitufe cha kulia. Utadhani fumbo limekushinda, kumbe jibu ulishalipata. Kwa sasa ingia mipangilio ya Windows, sehemu ya tachipadi, weka unyeti wa juu kabisa. Inapunguza tatizo, haiondoi. Kipanya chochote cha waya kinatosha.

Nyuzi90: Kwa mdogo wako, Portal 2 ina sehemu ya watu wawili yenye vyumba vyake, roboti Atlas na P-body, milango minne kwa pamoja. Kwenye skrini moja, mmoja wenu lazima awe na padi ya kuchezea gemu.

Kivuli: Na kichefuchefu, ambacho wengine hupata wakicheza gemu za 3D, je? Talos ina mipangilio yake: panua uwanja wa kuona, au cheza ukimwona mhusika kwa nyuma.

Pembenne: Kama mashine ni hiyo, kwa nini asianze na Monument Valley kwenye simu? Kidole tu kinatosha.

Tini Kavu: Sasa hiyo ndiyo utaiita 3D? Kamera yake huisogezi, na ngazi zinaungana kwa sababu tu pembe moja inadanganya jicho.

Pembenne: Hilo danganyo lenyewe linataka pande tatu, Tini. Kwenye mchoro usio na kina kusingekuwa na cha kudanganya.

Mchemraba: Padi ya waya ya USB itakubali Portal 2 moja kwa moja, au kuna cha kusakinisha?