Mrejesho: ile redio ya valvu iliyokuwa ikivuma

Wakuu, niliuliza kuhusu redio ya babu, ya valvu (zile taa za kioo za zamani zinazokuza mawimbi ya umeme), iliyokuwa ikitoa mvumo mzito hata sauti ikipunguzwa hadi mwisho. Mliosema ni kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji) za kuchuja umeme mlipatia: zote mbili zilikuwa zimekauka. Kabla ya kuzigusa nilimaliza chaji kwa rizista (kipande kinachopunguza mkondo wa umeme), maana mamia ya volti huweza kubaki humo hata plagi ikiwa imechomolewa. Nikaweka mpya za volti 450, mikrofaradi (kipimo cha chaji inayohifadhiwa) zilezile, nikaiwasha redio ikiwa imeungwa kwa mfululizo na balbu ya wati 60, ili balbu ipunguze mkondo kama kuna shoti. Balbu iling'aa, ikafifia, ishara kwamba hakuna shoti. Mvumo umekwisha! Valvu zilipopata moto sauti ikaja, nene na laini. Mama aliitambua akiwa chumba kingine. Umebaki uzi wa kitufe cha stesheni, umelegea, unateleza.