Chipu za kulinda betri DW01A na FS312F ni kitu kimoja kweli?

Fundi Kilombero (Arusha):
Wakuu habari zenu. Nina taa ya sola ya mama mmoja anauza mishkaki usiku, bodi ya kulinda betri chipu yake imekufa, ile ndogo ya pini 6 imeandikwa DW01A. Dukani wamekosa wakanipa FS312F, wanasema weka tu ni ileile, nimelinganisha pini naona zimekaa sawa kabisa, mosfeti 8205A, ile swichi inayokata umeme chipu ikiiamuru, nimeipima bado nzima. Je betri itakuwa salama? Taa ndo biashara yake, sitaki nimpe kazi ya kubahatisha.

Mangi wa Bodi (Moshi):
Kaka pini ni sawa ila ndani zimepangwa tofauti. DW01A inakata chaji betri ikifika 4.3V na inakata matumizi ikishuka 2.4V. FS312F juu inakata 4.25V, chini 2.9V. Hapo chini ndo pa kuangalia, 2.4V ni kuinyonya betri ya litiamu mno, na kuanzia 2.9 kushuka hakuna moto wa maana uliobaki, kwahiyo mama hataona taa inawahi kuzima ila betri itadumu. Mimi hata zingekuwepo zote ningechukua 312. Ampea usiwaze, zote zinakata zikisoma 150mV kwenye mosfeti, kwa 8205A moja inakuja kama ampea 3.

Ukishasolda ukikuta haitoi moto usiing'oe, chomeka chaji kidogo kwanza ndo inaamka.

chalii_wa_ngaramtoni:
Naongezea, DW01 zinatoka viwanda vingi na herufi za mwisho zina maana, nyingine inakata 4.25 nyingine 4.3, usiamini jina. Kama una pawa saplai ya kurekebisha volti iweke mahali pa betri, anzia 3.7 ushushe taratibu, mita ikae kwenye pini za kutoa moto, utaona inapokata. Halafu soma betri imeandikwa ngapi, taa nyingi za sola zinakuja na ya 3.2V, ile litiamu ya fosfeti (LiFePO4), hiyo imejaa ni 3.65V tu, sasa chipu inayosubiri 4.3 itailinda saa ngapi?

Fundi Kilombero (Arusha):
Aisee nimebandua plasta ndo naona, 3.2V! Na bodi yenyewe imeandikwa 3.7V, solda ya nyaya za betri si ya kiwandani, kuna mtu alishaibadilisha.

Mangi wa Bodi (Moshi):
Basi betri ndo itoke kwanza mkuu, bodi ya hivyo inaacha chaji ipande mpaka 4.2V na zaidi, ile ya fosfeti inaumia kila siku jua likiwaka. Tafuta 18650, ile betri ya litiamu ya duara, nzima ya 3.7V, 312F yako inafaa.