Klabu ya watoto hotelini au kwa bibi Jambiani? Naomba mnisaidie kulinganisha

Mama_Watatu
Assalaam alaykum. Wifi yangu anakuja Disemba kutoka Uingereza na mumewe na watoto wawili, wa miaka 8 na 12. Mimi ninao watatu: 4, 9 na 13. Anataka sote tukae pwani wiki nzima, hapahapa Unguja.

Watoto wake wamekulia kwenye klabu za watoto za mahoteli, Hispania, Uturuki, Ugiriki, tangu wako kwenye nepi. Kwao likizo ni kumkabidhi mtoto asubuhi, anavishwa kikuku cha rangi mkononi, mchana unamchukua pua imeungua na jua na kashajua kupiga kasia. Wangu likizo yao ni kwa bibi yao Jambiani: wanatoka saa mbili, wanarudi njaa ikiwauma.

Nina njia tatu. Hoteli ya Kendwa yenye klabu, hoteli ya Paje yenye klabu, au nyumba ya bibi na wifi akodi gesti jirani. Bei nimeshazipiga hesabu, msinihangaishe nazo. Nataka kujua watoto watafanya nini.

Nahodha_Mstaafu
Waalaykum salaam mwanangu. Kabla ya klabu, tazama mwezi.

Upande wa mashariki, Paje mpaka Jambiani, maji yakipwa yanakwenda mpaka kule mwambani na unabaki na mchanga, madimbwi na mwani. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hujaa kama saa kumi alasiri na kupwa kama saa nne asubuhi. Sasa klabu nyingi zinaandika "kuogelea baharini" saa ngapi? Saa nne asubuhi! Watoto wanapelekwa baharini, bahari haipo, wanarudishwa kwenye bwawa. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji hayapwi sana, inageuka, saa nne hiyohiyo unayakuta yamejaa. Kila siku yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo ratiba iliyobandikwa ukutani mwaka mzima imeandikwa na mtu asiyeijua pwani hii.

Kendwa na Nungwi upande wa machweo, maji yapo mchana kutwa. Na Disemba upepo wa kaskazi unaanza, upande ule umekingwa.

yeboyebo_mbovu
Kwa hiyo Paje watoto wanajifunza kuogelea kwenye tope 😂

Nahodha_Mstaafu
Wanajifunza kutembea na miguu mizima. Wavishe viatu vya plastiki, wale viumbe wa baharini wa miiba mieusi hawana huruma. Akichomwa, sisi hupaka utomvu wa papai bichi, msianze kuchokoa na sindano.

Dada_wa_Klabu
Mimi ni mlezi wa klabu ya watoto, huu mwaka wa saba. Hoteli siitaji.

Dada, jina "klabu ya watoto" halikwambii kitu. Nyingine ni chumba chenye kiyoyozi, penseli za rangi na katuni. Nyingine wanatoka kweli. Piga simu uulize: wangapi kati ya walezi wanajua kuogelea? Mimi nilipoajiriwa sikujua, na nilikuwa nasimamia bwawa. Nimejifunza baadaye, na watoto, nikiwa nimevaa baibui la kuogelea. Uliza pia umri. Wengi wanachukua kuanzia miaka 4, na mwisho 12. Huyo wako wa 13 umeshamkosa, labda pawe na mpango wa vijana, ambao mara nyingi ni meza ya pingpong na intaneti.

Lakini nisiwasemee vibaya wenzangu. Nina mtoto, mgeni, anakuja kila mwaka. Mara ya kwanza alikuwa na miaka mitano, hakukubali maji yamguse uso. Alikaa ngazi ya kwanza ya bwawa siku sita, anachota maji kwa kikombe na kumwaga. Siku ya saba akazamisha kidevu. Mwaka jana, miaka kumi, kaja na maski yake, ananiuliza mimi kwa nini kasa hawatoki usiku huu. Kila mwaka anatukuta sisi walewale, na hilo limemsaidia kuliko michezo yote tuliyonayo. Hoteli inayobadilisha walezi kila msimu haiwezi kukupa hilo.

Mtoto_wa_Jikoni
Naingia hapa kwa sababu mimi nimekulia ndani ya klabu hizo, kwa mlango wa nyuma. Baba alikuwa mpishi hotelini Kiwengwa. Likizo za skuli meneja alikuwa akiniruhusu niingie, maana siku nyingine kuna mtoto mmoja tu wa mgeni na hana wa kucheza naye. Nikajua kuhesabu Kiitaliano mpaka ishirini kabla sijajua jedwali la saba.

Nilichokipata: kupiga mbizi kwa maski, na kutoogopa watu. Nilichokikosa: wenzangu nje ya ukuta walikuwa wanajua kuelekeza ngalawa na kuchokoa pweza, mimi nilikuwa najua kucheza ngoma ya jogoo na wazungu. Wakinicheka hadi leo.

Kuhusu wa 13, mpeleke akasome kuzamia na mtungi. PADI, shirika linalotoa vyeti vya kuzamia, wanaanza miaka 10 kwa cheti cha vijana. Wa 12 wa wifi yako naye anaingia. Wa 8 na 9 wana ile ya majaribio, kina cha mita 2, mwisho. Sogeeni na Mnarani, bwawa la kuhifadhi kasa pale Nungwi, wakawaone. Hayo yote Kendwa ni karibu.

Chake_Damu
Mbona hakuna aliyeitaja Pemba? Vumawimbi mchanga mweupe mpaka macho yanauma, msitu wa Ngezi uko mgongoni, na kisiwa cha Misali kwa boti. Klabu hakuna. Klabu ni mimi na watoto wa dada yangu.

Mama_Watatu
Kaka, watoto watano, boti mpaka bandari ya Mkoani, na huyu wangu wa 4 anatapika hata kwenye daladala ya 309. Mwaka mwingine inshallah.

Chake_Damu
Mnasema hivyo kila mwaka 🙄

Bi_Mwani
Mimi ni wa Jambiani, nalima mwani. Mama, nyumba kwa bibi msiiache. Watoto wa wifi wanajua kasia la plastiki, sawa, lakini wakae na bibi bamvua moja tu. Maji yakipwa tunakwenda nao, tunawaonyesha vigingi na kamba, wanafunga mwani na vidole vinajikunja. Wa kwangu wa miaka 6 anafunga kamba nzima huku anaimba. Kuogelea, saa kumi maji yakirudi, na mkubwa awepo, mkondo wa pale kwenye mlango wa mwamba si wa mchezo.

Mama_Watatu
Nimewasoma wote. Nimefungua kalenda: wiki yetu inaanza maji mafu na kuishia bamvua. Kwa hiyo siku nne Kendwa, wa 4, wa 8 na wa 9 klabuni (nimepiga simu, walezi watatu, wawili wanaogelea, ratiba ya bahari inabadilika na maji), wakubwa wawili wakazamie. Halafu siku tatu kwa bibi, bamvua imeanza. Wifi nimemwambia Jambiani hakuna kikuku cha mkononi, akauliza sasa tutawajuaje watoto wetu. Nikamwambia watakuwa wale wanaonuka mwani.

Bi_Mwani, nitakutafuta. Na kuna mwenye maski ya mtoto wa miaka 9 ya kuazima? Niko Mkunazini, nafuata mwenyewe.