Mama anakuja Toulouse siku tano, Paris hataki, nimpeleke mji gani?

mtoto_wa_moshi:
Habari za jioni wadau. Nipo Toulouse, kusini mwa Ufaransa, nasoma, huu mwaka wa pili. Bi mkubwa anakuja mwezi wa sita, viza imetoka juzi kwa mbinde, atakaa siku tano tu maana kaacha kuku na wajukuu na anasema akizidisha hapo atakuta banda tupu. Siku moja ni ya Lourdes, kule kwenye hija ya Bikira Maria, hiyo haina mjadala, ndio iliyompandisha ndege. Mbili apumzike. Zinabaki mbili.

Nilimuuliza Paris akasema "ule mnara nimeuona kwenye kalenda, inatosha", nikashukuru kimoyomoyo maana treni ya kasi ni zaidi ya masaa manne kwenda peke yake na nauli ya watu wawili ni balaa.

Nataka mji mdogo ambao treni inafika, twende asubuhi turudi jioni. Gari sina. Mama ana miaka 67 na magoti yanamsumbua. Mi mwenyewe aibu kusema, miaka miwili hapa najua chuo, soko na duka la Wahindi basi.

mpita_njia88:
Mpeleke Paris mkuu, utakuja kujuta. Jumuiya wakimuuliza picha ya mnara iko wapi atasema nini, kwamba kafika Ufaransa akaona daraja??

Dada_wa_Lyon:
mpita_njia acha kumchanganya mwenzio, mama keshasema hataki.

Mdogo wangu nenda Albi. Treni ya kawaida ya mkoa toka stesheni ya Matabiau kama saa moja tu, ukishuka unatembea dakika 15 hivi mpaka mjini, na njia ni tambarare. Kule kuna kanisa kuu la matofali ya kuchoma, yani matofali kama ya kwetu kabisa ila limeenda juu ukilitazama unasema hii ni ngome ya vita, na kweli ndivyo walivyotaka lionekane, maana eneo lile lilikuwa la Wakathari, watu waliojitenga na Roma wakapigwa vita vikali karne ya 13, vita ilipoisha maaskofu wakaanza kujenga 1282 ili kila mtu ajue nani mwenye mji, ikachukua kama miaka mia mbili. Nje ni kavu kama gereza. Ingia ndani sasa. Dari lote ni bluu na dhahabu, walichora Waitaliano 1509 mpaka 1512 na rangi bado zinawaka.

Pembeni yake ni kasri la askofu, bustani yake inaangalia mto Tarn, mkae hapo mama anyooshe miguu. Ndani ya kasri kuna makumbusho ya Toulouse-Lautrec, yule mchoraji alizaliwa hapo hapo Albi 1864. Ila sikia, jamaa alichora sana mabaa na madanguro ya Paris, kwa hiyo ukiingia na bi mkubwa jiandae kisaikolojia 😂

kinyozi_msomi:
Siku ya pili Cahors. Saa moja na robo hivi kwa treni, na daraja ambalo mpita_njia analidharau lipo huko, Pont Valentré, lina minara mitatu, lilianza kujengwa 1308 likaisha 1378. Wenyeji wanasema fundi aliona kazi haiendi akamuuzia shetani roho yake ili amsaidie, kwa masharti kwamba shetani atii kila agizo mpaka daraja liishe. Likakaribia kuisha, fundi akaanza kutetemeka, akampa agizo la mwisho: wapelekee mafundi maji kwa chekeche. Shetani kachota, yakamwagika, kachota, yakamwagika, kashindwa. Kwa hasira akawa kila usiku anang'oa jiwe moja kwenye mnara wa katikati. 1879 wakati wa ukarabati wakachonga kishetani kwenye jiwe pale juu, akija adhani ni mwenzie yuko kazini. Mwambie mama akitafute kwa macho, hata dakika kumi zinaisha.

mwana_goma:
Mimi nilikaa Montauban. Usimpeleke Rocamadour wala Cordes-sur-Ciel, ni mizuri sana lakini ni milima tupu. Auch nayo ina lile sanamu la d'Artagnan, yule askari maarufu wa mfalme, lakini ngazi zake zinapita 300. Moissac sawa, kanisa lao lina ua wa nguzo wa mwaka 1100, na reli walipoijenga karne ya 19 nusura waubomoe, mpaka leo treni inapita pembeni kabisa.

Na chakula: saa nane mchana majiko yanafungwa, ukifika saa nane na nusu utakula mkate. Jumapili jioni ndio usiseme. Na ukiingia duka lolote anza na bonjour, la sivyo wanakuona huna adabu.

binti_songea:
Samahani mtoa mada, mama ni mwanakwaya?

mtoto_wa_moshi:
Ndio, zaidi ya miaka 30, sauti ya pili. Kwaya ya Mt. Sesilia. Kwani?

binti_songea:
Hilo kanisa la Albi alilosema Dada wa Lyon linaitwa Sainte-Cécile. Ni Sesilia huyo huyo wa waimbaji.

mtoto_wa_moshi:
We!! Mi nasikia jina "Cécile" mwaka wa pili sijaunganisha. Imeisha hiyo.

mpita_njia88:
Haya hapo nimekubali, japo mnara ni mnara.

mtoto_wa_moshi:
MREJESHO. Mama kaondoka jana. Lourdes tulilala usiku mmoja kwa sababu ya maandamano ya mishumaa saa tatu usiku, alilia, sitaelezea.

Albi sasa. Mlangoni kuna ngazi, tukapanda taratibu nimemshika mkono. Ndani, ukuta wa nyuma una mchoro mkubwa wa siku ya hukumu, chini motoni kila dhambi kubwa na adhabu yake, wachoyo wanapikwa kwenye masufuria, walafi wanalishwa vitu sitavitaja. Mama akasoma ukuta mzima akaniuliza, "mbona Yesu hayupo?" Kumbe karne ya 17 walitoboa katikati ili kupata kikanisa cha pembeni, wakamkata hakimu mwenyewe, na kipande cha wavivu nacho kikaenda. Mama akasema "kwa hiyo wavivu mmepona", huku ananiangalia MIMI.

Tukalipia kuingia sehemu ya wanakwaya, masanamu ya malaika kila upande, akaanza kuimba sauti yake ya pili taratibu peke yake bila sauti ya kwanza. Mlinzi alimwangalia tu akamwacha.

Makumbusho tuliruka. Cahors kishetani alikiona yeye kabla yangu.

Mchana tulikula aligot, viazi vilivyopondwa na jibini mpaka vinavutika kama ulimbo. Akauliza mboga iko wapi.

Swali dogo: kabeba galoni mbili za maji ya Lourdes kwenye begi kubwa, zilikuwa zimefungwa na sotepu. Hazitapasuka?

Dada_wa_Lyon:
Hukumwachia nafasi ya hewa juu?

mtoto_wa_moshi:
Alikataa. Alisema ni baraka, zijae.