Kavuruga mafaili ya tasnifu yangu, halafu ananiambia SIJAJIPANGA!

Wakuu, nimetoka ofisini sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule bwana mnamjua, yule wa "hebu nikuwekee sawa". Leo kakalia kompyuta yenye tasnifu yangu.

Kila sura ilikuwa na folda yake: 01-utangulizi, 02-mapitio, 03-mbinu, 04-matokeo, 05-hitimisho. Ndani ya kila folda, maandishi na michoro ya sura hiyo. Faili kuu liko nje, linaziita sura moja moja. Nikitaka kusahihisha matokeo nafungua matokeo tu, kwingine sigusi.

Bwana mkubwa kamwaga vyote kwenye folda moja! Namba kafuta, eti zinachafua. Sasa zimejipanga kwa alfabeti: hitimisho juu kabisa, utangulizi mkiani! Na kila sura ilikuwa na mchoro-01 wake. Kompyuta ikamuuliza kama ifute uliopo, akabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo, mpaka ukabaki mmoja!

Halafu mbele ya watu wote: "Mafaili mengi hivi ni dalili ya mtu asiyejipanga." Asiyejipanga! Mimi! Nimekufa nikafufuka palepale. ASIYEJIPANGA!

Kibatari: Huyo huyo! Ya kwangu aliiita "mwisho", kesho yake "mwisho kabisa", keshokutwa "mwisho wa kweli". Hadi leo sijui niliyowasilisha ni ipi.

Ngalawa Kuukuu: Mtu wa shahada ya pili unaacha kompyuta wazi, huna hata kopi, unakuja kulia huku?

Mleta uzi: Kopi ninayo! Hoja si kopi, mkuu. Kaniambia sijajipanga, mbele ya watu! Yeye aliyeweka hitimisho kabla ya utangulizi!

Ngalawa Kuukuu: Kama kopi ipo, kinachokuliza ni nini?

Bi Mchachu: Afadhali huyo. Mimi nilipeleka flashi steshenari, ikarudi na virusi, folda zote zimegeuka njia za mkato. Kijana ananiambia nilikuja nayo hivyo!

Kibatari: Steshenari msinikumbushe. Walinibandikia sura ya nne mbele ya sura ya tatu, jalada gumu tayari, na hela hawarudishi.

Bi Mchachu: Ya wapi hiyo? Ile ya karibu na geti?

Kibatari: Hiyo hiyo, dada.

Mdudu Washa: Mimi jina langu mgongoni kwa jalada wamekosea, na mahafali ni Ijumaa! Nani anajua pengine wanapobaindi haraka?